Waliokufa Wakitulinda: Historia Fupi ya Askari wa Garissa na Kaskazini Mashariki



Desturi ya taarifa ya mwaka ni kuhesabu. Huhesabiwa fedha zilizoingia na zilizotoka, wagonjwa waliouguzwa, maiti waliositiriwa, na watoto waliolipiwa karo. Mwaka huu tumeona yafaa kuongeza hesabu nyingine ambayo haina risiti wala stakabadhi, nayo ni hesabu ya askari waliokufa wakilinda watu, visima na njia za nchi hii. Vyama vya kusaidiana vilianza kwa mambo mawili makubwa, kuuguza na kuzika. Basi kumkumbuka mtu aliyekufa kwa ajili ya wengine si jambo geni kwetu. Ni sehemu ya kazi ile ile.

Twajua ya kwamba jambo hili si jepesi. Katika nyumba nyingi za mji huu neno askari huleta kumbukumbu mbili. Moja ni ya kijana aliyesimama langoni usiku ili wengine walale. Nyingine ni ya mtu mwenye sare aliyekuja na moto na kiboko. Mwenye kuandika historia akitaja moja na kuificha ya pili, hakuandika historia bali ameandika sifa, na sifa za namna hiyo hazimheshimu aliyekufa. Kwa hiyo tutazitaja zote mbili, kila moja mahali pake, kisha tutasema linalotupasa kutenda.

I. MAJINA YA MABWANA, NA ASKARI WASIOTAJWA

Serikali ya Kiingereza ilipoanza kuingia katika nchi ya Wasomali, makao yake yalikuwa Kismayu, kwa maana wakati ule Jubaland ilikuwa bado katika himaya ya Uingereza, kabla ya kukabidhiwa Waitalia mwaka 1925. Mwezi wa Novemba 1900, bwana mkuu wa Jubaland, Arthur Jenner, aliuawa akiwa safarini barani, na askari waliomsindikiza wakauawa pamoja naye. Mwaka 1913 Kapteni Aylmer, aliyekuwa na dhamana ya mpaka wa kaskazini, aliuawa katika mapigano na majangili waliotoka upande wa Uhabeshi. Na mwanzo wa mwaka 1916, huko Serenli juu ya mto Juba, karibu na Bardera, Luteni Francis Elliott alishambuliwa na Aulihan chini ya Abdurrahman Mursaal, baada ya serikali kuingia kati katika ugomvi wa Aulihan na Marehan. Elliott aliuawa, na wengi wa askari wake wakauawa naye.

Msomaji na atazame jinsi habari hizi zilivyoandikwa. Jenner ana jina, Aylmer ana jina, Elliott ana jina. Askari waliokufa ubavuni mwao wametajwa kwa neno moja tu: askari wake. Walikuwa na mama zao na wake zao, na kila mmoja alikuwa na jina alilopewa siku ya saba ya kuzaliwa kwake au kwa desturi nyingine ya kwao. Lakini kalamu ya serikali ilipopita juu yao haikusimama.

Hatuna budi kusema pia ya kwamba zama zile zilikuwa zama za kutawaliwa. Wazee waliotuzaa hawakuwaona waliomwua Jenner kuwa wahalifu. Wengi waliwaona kuwa watu waliokuwa wakitetea malisho yao na maji yao. Tena kila bwana alipouawa, lilifuata jeshi la kuadhibu. Lilikuja mwaka 1901, na likaja tena mwaka 1917, likachukua ng'ombe na ngamia na bunduki, na aliyelipa si yule aliyepiga risasi peke yake, bali ukoo mzima. Mtindo huo wa kuwaadhibu wengi kwa kosa la wachache ulianza mapema, na msomaji atauona tena mbele.

II. DUBAS

Kwa muda mrefu wilaya za kaskazini zilifungwa. Sheria ya mwaka 1902 iliwazuia watu kuingia na kutoka bila ruhusa, mwaka 1926 wilaya yote ya mpaka ikatangazwa kuwa imefungwa, na sheria ya mwaka 1934 ikampa mkuu wa wilaya uwezo mkubwa juu ya makabila na malisho yao. Nchi ilikuwa pana, magari machache, barabara hakuna, na mabwana wenyewe walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Ni nani basi aliyeshika amani?

Walioishika, kwa sehemu kubwa, ni wenyeji. Sheria ya mwaka 1929 iliunda jeshi la polisi wa kikabila, ambao watu wa kusini waliwaita askari kanga. Huku kwetu waliitwa dubas, neno lililotoka katika Kisomali, maana yake kilemba chekundu, kwa kuwa walivaa nguo nyeupe na kujifunga kilemba chekundu kichwani. Mzee yeyote aliyekulia Garissa, Wajir au Mandera zama zile atawakumbuka. Walikuwa wafuasi wa nyayo, wakalimani, na wachukuzi wa barua kutoka kituo hadi kituo. Walisimama visimani wakati wa kiangazi, ngamia wa koo mbili walipokutana penye maji yasiyotosha, nao ndio walioingia kati kabla fimbo hazijageuka mikuki.

Kazi hiyo ilikuwa na hatari ambayo askari mgeni haijui. Mgeni akifa kisimani huwa amekufa mikononi mwa maadui wa serikali. Dubas akifa kisimani, aghalabu huwa ameuawa na mtu anayemjua baba yake. Na akipona, huwa amemkamata mtu ambaye kesho atakutana naye arusini. Hakuna kazi ngumu kuliko kuwa mlinzi wa watu wako dhidi ya hasira ya watu wako.

Mwaka 1958 jeshi hilo lilibadilishwa jina likawa Polisi wa Utawala. Kilemba chekundu kiliondoka pole pole, lakini kazi yenyewe haikuondoka.

III. MIAKA YA SHIFTA

Mwaka 1962 tume iliyotumwa kuwauliza watu wa wilaya za kaskazini juu ya mustakabali wao ilikuta ya kuwa wengi katika sehemu za Wasomali walitaka kujiunga na Somalia. Serikali ya Uingereza haikufuata rai hiyo, na Kenya ikaenda kwenye uhuru na mipaka yake ile ile. Hapo mambo yakawa moto.

Mwezi wa Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya wa kwanza Mwafrika katika Isiolo, aliuawa kwa risasi akiwa katika kazi ya serikali. Pamoja naye aliuawa Chifu Hajji Galma Dido, mkubwa wa Waborana. Hawa wawili hawakuwa polisi, lakini kazi yao ilikuwa amani ya raia, na kwa ajili ya kazi hiyo waliuawa. Jina la Wabera limewekwa kwenye barabara katikati ya Nairobi na kwenye mtaa wa Isiolo. Vijana wetu wasilichanganye na Waberi yetu: Waberi ya Garissa ni neno la Kisomali lenye maana ya mapambazuko, na lile la Isiolo na Nairobi ni jina la mtu. Lakini yafaa kila apitaye barabara ile Nairobi ajue ya kwamba anakanyaga juu ya kumbukumbu ya mtu wa kaskazini aliyekufa miezi michache kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa.

Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963. Kabla mwezi huo haujaisha, hali ya hatari ilikuwa imekwisha kutangazwa katika mkoa wetu. Vita vilivyofuata, ambavyo watu huviita vita vya shifta, viliendelea hadi mwaka 1967. Vituo vidogo vya polisi vilishambuliwa usiku, magari ya doria yalivamiwa njiani, na katika miaka ya mwisho mabomu yalizikwa barabarani. Askari waliouawa walitoka pembe zote za Kenya mpya, na walikuwamo pia Wasomali na Waborana na Waorma waliobaki katika utumishi wakati ndugu zao wengine walikuwa porini. Raia nao waliteseka pande zote mbili. Watu walikusanywa vijijini chini ya ulinzi, mifugo ikafa kwa kukosa malisho, na wengi waliokuwa matajiri wa ngamia wakawa maskini wa mjini. Tarehe 28 Oktoba 1967, huko Arusha, kwa usuluhishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, Kenya na Somalia zilipatana kusimamisha uadui.

Vita vilikwisha, lakini sheria ya hatari ilibaki juu ya mkoa wetu mpaka mwaka 1991. Watoto walizaliwa, wakakua, wakaoa, na hali ya hatari haijaondolewa.

IV. DENI LISILOFUNIKWA

Sasa twafika penye mwiba. Mwezi wa Novemba 1980 watumishi kadhaa wa serikali waliuawa kwa risasi hapa Garissa. Walikuwa watu waliokuja kufanya kazi, na damu yao ni damu isiyo na hatia. Lakini yaliyofuata yalikuwa msiba juu ya msiba. Nyumba za Bulla Kartasi zilichomwa moto, na watu wa mji walikusanywa na kuzuiliwa katika uwanja wa shule. Wako waliopigwa, wako wanawake waliodhulumiwa, na wako waliokufa. Walioyatenda hayo walivaa sare ya serikali.

Zaidi ya miaka mitatu baadaye, mwezi wa Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na Wajir, wakazuiliwa juani siku kadhaa bila maji. Mwanzoni serikali ilikiri vifo 57. Walionusurika na jamaa zao wamesema siku zote ya kwamba waliokufa walikuwa wengi zaidi sana. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisikiliza ushahidi wa watu hawa, ikianzia hapa Garissa mwezi wa Aprili 2011, na taarifa yake ilitolewa mwaka 2013.

Kwa nini tuyataje haya katika makala ya kuwaheshimu askari? Twayataja kwa sababu mbili. Kwanza, aliyedhulumiwa hawezi kuombwa amlilie mwingine wakati machozi yake mwenyewe yamekatazwa. Pili, matendo yale yaliwaua askari wengine miaka mingi baadaye. Askari huishi kwa habari anazopewa na wenyeji: mgeni gani amepita usiku, njia gani imechimbwa, pikipiki gani haijulikani. Mwenyeji anayemwogopa askari kuliko anavyomwogopa mwuaji hufunga mdomo, na mdomo uliofungwa ni kaburi la askari wa kesho. Wale waliochoma Bulla Kartasi waliwaachia wenzao waliokuja nyuma deni ambalo wenzao hawakulikopa.

Tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alisimama bungeni akaomba radhi kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za zamani, na akatangaza mfuko wa shilingi bilioni kumi kwa ajili ya waliodhulumiwa. Wazee wengi wa hapa walisikia maneno hayo kwa redio. Siku saba baadaye mji wetu ulikuwa na msiba mwingine.

V. MIAKA YA MABOMU

Kuanguka kwa serikali ya Somalia mwaka 1991 kulileta wakimbizi, na kambi za Dadaab zikafunguliwa mwaka huo huo. Kulileta pia bunduki, nazo zilipatikana kwa bei ambayo mchungaji aliweza kuilipa kwa mifugo yake. Mwezi wa Oktoba 2011, baada ya watu kutekwa nyara pwani na Dadaab, jeshi la Kenya liliingia Somalia kupigana na Al-Shabaab. Tangu siku hizo vita vya upande wa pili wa mpaka vimekuwa vikija mpaka malangoni kwetu.

Jumapili tarehe 1 Julai 2012 wauaji waliyavamia makanisa mawili ya Garissa. Katika kanisa la AIC walikuta askari polisi wawili nje, wakilinda. Waliwapiga hao kwanza, wakachukua bunduki zao, ndipo wakawageukia waumini waliokuwa ndani. Watu wasiopungua 15 walikufa. Lakini yafaa kukumbukwa pia lililotokea siku zilizofuata: viongozi wa Kiislamu walikutana na kukubaliana ya kwamba vijana wa Kiislamu washiriki katika kuyalinda makanisa. Msimamo ule ulikuwa jibu kwa waliodhani watatugawa. Na kwa jicho la historia ulikuwa zaidi ya hapo, kwa maana raia walikuwa wakijitolea kusimama mahali walipoangukia askari wawili.

Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 watu wanne wenye silaha waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wanafunzi walikuwa wamelala, na wengine walikuwa katika sala. Mapigano yaliendelea mchana kutwa, hata jioni kikosi cha GSU kiitwacho Recce kilipoingia mabwenini na kuyamaliza. Waliokufa walikuwa 148. Kati yao wanafunzi walikuwa 142, askari polisi watatu, na wanajeshi watatu. Hesabu ya wanafunzi twaijua sote, na ni haki tuijue, kwa maana walikuwa watoto wa watu waliotuamini. Lakini wale sita wasipotee ndani ya hesabu ile. Waliotangulia kufika walikuta wauaji wamekwisha kujipanga ndani, na wao walikuwa wachache. Wangeweza kungoja. Hawakungoja.

Baada ya hapo vita vilihamia barabarani. Mpaka wetu na Somalia ni karibu kilomita 700, na sehemu kubwa ya njia zake ni za mchanga na udongo. Barabara ya udongo huficha bomu kama vile ilivyoficha zama za shifta: mtu huchimba usiku, hufukia, hufagia nyayo zake kwa tawi, na asubuhi gari la doria hupita. Mwezi wa Mei 2017 magari ya polisi yalilipuliwa karibu na Liboi na katika Mandera, siku baada ya siku. Tarehe 12 Oktoba 2019 askari wasiopungua 10 waliuawa na bomu kwenye njia ya Damajale, upande wa Dadaab. Mwezi wa Juni 2023 wengine 8 waliuawa kwa namna ile ile katika kaunti yetu. Hawa hawakupata hata nafasi ya kumwona adui wao. Walipanda gari asubuhi kama walivyopanda jana, kwa sababu njia isipopitiwa na askari hufungwa kwa lori la chakula, na kwa mgonjwa, na kwa mwalimu.

Na basi za abiria nazo zina habari yake. Baada ya abiria 28 kutengwa na kuuawa karibu na Mandera mwezi wa Novemba 2014, basi zilianza kusindikizwa na polisi. Mwezi wa Desemba 2019, kwenye njia ya Wajir kwenda Mandera, basi ilisimamishwa, abiria wakatengwa, na kati ya waliouawa walikuwamo askari polisi waliokuwa wakisafiri kwenda kazini. Hatuwezi kuitaja njia hiyo bila kumtaja Salah Farah, mwalimu, ambaye mwezi wa Desemba 2015, karibu na El Wak, yeye na abiria wenzake Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Alipigwa risasi, akafa mwezi uliofuata, na taifa likampa nishani. Mwalimu huyo hakuwa na sare wala bunduki, lakini siku ile alifanya kazi ya askari.

VI. WENYEJI WENYE BUNDUKI

Twataka wazee watuvumilie tuseme neno juu ya polisi wa akiba. Hawa ni watu wa hapa hapa. Hupewa bunduki ya serikali ili walinde kijiji chao na kisima chao, na kwa miaka mingi walitumika bila mshahara. Mchana wao ni wachungaji na wenye maduka, usiku ni walinzi. Mtu akitaka kujua dubas walikwenda wapi baada ya vilemba vyekundu kuondoka, na awatazame hawa.

Alfajiri ya tarehe 23 Machi 2025, katika mwezi wa Ramadhani, kambi yao huko Biyamadhow, katika Fafi, ilivamiwa. Sita waliuawa, na wengine wakajeruhiwa. Walikuwa Waislamu, na waliowaua walidai kupigania Uislamu. Msiba huu umetufundisha ya kwamba anayesema vita hivi ni vya dini dhidi ya dini, au vya wenyeji dhidi ya wageni, hakuhesabu maiti. Wamekufa Wakristo wakiwalinda Waislamu, na wamekufa Waislamu wakiwalinda Wakristo, na wamekufa ndugu wa damu wakiulinda mji mmoja.

VII. LINALOTUPASA

Kijana wa bara akifa kazini huku, mwili wake huvuka Tana kwenda kwao Kitui, au Bungoma, au Kisii. Sisi hatuoni kaburi lake. Mwenyeji akifa Fafi huzikwa siku ile ile huko huko, na mji haumwoni. Kwa hiyo mji wetu unaweza kupoteza walinzi wengi na usiwe na mahali pa kusimama kuwaombea. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya usahaulifu wetu. Si ugumu wa mioyo. Ni kwamba makaburi yako mbali.

Lakini sisi si watu wa kusahau majina. Mtoto wa Kisomali hufundishwa kuwataja mababu zake mmoja baada ya mmoja, kizazi juu ya kizazi, bila kitabu. Watu wenye uwezo wa kuhifadhi majina ya waliokufa kabla ya babu wa babu hawawezi kusema ya kwamba hawana nafasi ya kuhifadhi majina ya waliokufa juzi.

Tena mila yetu ya diya inatufundisha ya kuwa damu ya mtu haipotei, kwa sababu ina watu wa kuiuliza. Ukoo wake husimama na kusema: huyu ni wetu. Azimio la Modogashe la mwaka 2001, lililoandikwa na wazee na maofisa wa wilaya za kaskazini, lilijengwa juu ya msingi huo. Walakini askari aliyetoka mbali hana ukoo hapa. Akiuawa, ni nani asimame na kusema, huyu ni wetu? Jibu letu ni kwamba aliyekufa akilinda mlango wa mtu amekwisha kuwa wa nyumba ile. Mji ndio ukoo wake.

Kwa hiyo, kwa heshima na unyenyekevu, twaweka mbele ya wazee na wanachama mapendekezo manne.

La kwanza, chama kifungue daftari la majina. Ndani yake waandikwe askari waliokufa kazini katika Garissa, kwa jina kamili, kwao, mahali na tarehe, baada ya kupata idhini ya jamaa zao. Konstebo na aandikwe kwa wino ule ule wa inspekta, na polisi wa akiba kwa wino ule ule wa konstebo. Lisitokee tena neno la askari wake.

La pili, katika daftari hilo hilo, upande wa pili, waandikwe raia waliokufa kwa mkono wa wenye sare, tangu 1980 na kabla yake, kadiri jamaa zao watakavyokubali. Wako watakaosema ya kwamba haifai kuwaweka pamoja. Twawajibu kwa adabu ya kwamba wamekwisha kuwekwa pamoja katika udongo wa nchi moja, na daftari lenye ukurasa mmoja halitaaminiwa na yeyote.

La tatu, wajane na mayatima wa polisi wa akiba wanaoishi kati yetu wahesabiwe katika msaada wa karo na wa kuuguza sawa na jamaa za wanachama, hata kama marehemu hakuwa mwanachama. Na kwa wale waliotoka mbali, iandikwe barua ya rambirambi kwa jina la mji, ipelekwe kwa mama au mjane. Barua haigharimu kitu, lakini mama aliyepokea sanduku kutoka Garissa anastahili kupokea kutoka Garissa kitu kingine zaidi ya sanduku.

La nne, wazee wetu, wakati wa kuzungumza na wakubwa wa polisi, waseme mambo mawili kwa pumzi moja: ya kwamba twawaheshimu waliokufa, na ya kwamba heshima hiyo italindwa na mwenendo wa waliobaki. Kwenye nembo ya polisi wa Kenya yameandikwa maneno matatu, Utumishi kwa Wote. Waliokufa wamekwisha kuyatimiza. Walio hai wanaanza kila asubuhi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliotangulia, awape subira wajane na wazazi wao, na auweke mji wetu katika amani. Na kwa kuwa dua hufuatwa na kazi, kalamu na daftari vitawekwa mezani siku ya mkutano mkuu. Kila mwanachama anayejua jina na aje nalo.